Pesa ya Jakpoti Imetoka Wapi?

Majuzi baada ya ibada ya vijana, ndugu mmoja alinivuta kando akafungua daftari. "Pasta, wewe umesoma biashara. Hebu angalia hii hesabu uniambie kama kuna kosa." Nilidhani ni mradi wa kuku. Kumbe ni kamari.

Alikuwa amesomea poka ya video, zile mashine za karata zilizojaa kule Las Vegas. Unaweka dau, mashine inakupa karata tano, unabaki na unazotaka na kubadilisha zingine mara moja tu. Ukipata kumi, Jack, Queen, King na Ace, zote za alama moja, unachukua tuzo kubwa. Ziko mashine ambazo tuzo hiyo inakua: kila mtu akicheza, sehemu ndogo ya dau lake inaongezwa juu, mpaka mmoja aishinde, ndipo inarudi chini kuanza upya.

Hoja yake ni hii. Iko mashine ya dau la dola 1.25 ambayo inarudishia wachezaji kama dola 97 kwa kila 100, tuzo ikiwa dola 1,000. Hapo ni hasara tupu. Lakini tuzo ikipita kama dola 2,200, mambo yanageuka, na kwa muda mrefu mchezaji asiyekosea ndiye mwenye faida. "Kwa hivyo hiyo si kamari tena, Pasta. Ni kungoja wakati wake tu. Ni uwekezaji."

Nililala na hilo daftari. Na siwezi kuwadanganya, hesabu yake iko sawa. Tukisimama madhabahuni tuseme haiwezekani kamwe, kijana mwenye kikokotoo atatucheka, tena kwa haki. (Mimi mwenyewe nikiwa chuo nilibeti pesa ya chakula ya muhula mzima ikaisha, kwa hivyo siandiki kama malaika.)

Ni kweli kuna swali la mtaji. Tuzo hiyo huja kama mara moja kwa raundi 40,000. Ukicheza raundi 600 kwa saa, hizo ni zaidi ya saa 66 kwenye kiti, na madau ya dola 50,000 yamepita mkononi. Hata ukizimaliza zote, kati ya watu 100 kama wewe, karibu 37 hawatakuwa wameiona. Kodi ya nyumba haingoji hivyo. Na jakpoti yetu ya mechi 17 ndiyo mbaya zaidi. Kila mechi ina matokeo matatu, kwa hivyo kuna njia 129,140,163 za kujaza tiketi. Kwa kama shilingi 100 kila moja, kuzinunua zote ni karibu bilioni 13. Ile jakpoti kubwa ya 2017 ililipa kama milioni 221. Hapo hata daftari halihitajiki.

Lakini tuseme mtaji uko. Tuseme una subira, na tuzo imefika 2,200. Swali lililoninyima usingizi ni nani aliifikisha hapo. Kama mashine inakata senti moja kwa kila dola, basi ili tuzo ipande kutoka 1,000, watu wamecheza dola 120,000 na kukosa, na kwa jumla wameacha hapo zaidi ya dola 5,000. Mashine haikujigeuza kuwa nzuri. Wao ndio waliokununulia hiyo faida. Na wewe uliyekuwa pembeni ukingoja, ulikuwa unaomba nini? Ulikuwa unaomba jirani akose. Akose tena, na tena, mpaka hesabu yako ikubali.

Ndugu yangu alijitetea vizuri. Alisema bima pia hulipa kwa pesa za wengine. Ni kweli, lakini aliyelipa bima bila kupata ajali hajapoteza alichotaka. Alitaka usalama, akaupata. Na kwenye chama chetu, zamu ya kila mmoja inafika.

"Lakini mimi sikuwalazimisha kucheza."

Hapo nikamkumbusha Daudi. Alitamani tu maji ya kisima cha Bethlehemu, hakumtuma mtu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Hakuyanywa. Aliyamwaga mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake uhai wa wale watu watatu. Na kiu alikuwa nayo!

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: akishinda na kuleta zaka, kanisa litaikataa? Nimewapelekea wazee swali hilo, na hawajaamua. Mimi nimewaambia nitapiga kura ya kukataa, na ninajua vizuri kwamba mabati ya darasa la watoto hatujamaliza kuyalipia.