Alipaye na Apandaye

Msomaji, liko swali moja la haki ambalo kila mji unaokua hauna budi kulijibu, nalo ni hili: je, ni halali kuchukua fedha za watu wote na kujengea njia itakayotumiwa na baadhi yao tu? Wako wasemao kuwa ni halali, maana mji ni kama mwili mmoja, na kiungo kimoja kikipata nguvu mwili wote hunufaika. Wako wasemao kuwa ni dhuluma, maana hazina ya umma hujazwa kwa jasho la wengi, na haifai kumiminwa mahali pamoja. Kila upande umeshika kipande cha kweli, na ndiyo sababu mabishano yake hayaishi upesi. Ili tusibishane hewani, nakuomba tulipime swali hili kwa jambo lililotukia katika mji wa Toronto, nchini Kanada.

Mji huo ulifungua reli yake ya chini ya ardhi mwaka 1954, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Kanada nzima. Reli hiyo ilirefushwa mara kwa mara, lakini kwa muda wa zaidi ya miaka 60 haikuvuka mpaka wa jiji. Tarehe 17 Desemba 2017 ilivuka. Siku hiyo kilifunguliwa kipande kipya cha kilomita 8.6, chenye stesheni 6, kielekeacho kaskazini-magharibi kupitia Chuo Kikuu cha York hadi mji jirani wa Vaughan. Kazi hiyo iligharimu kiasi cha dola bilioni 3.2 za Kanada, zilizotolewa na serikali kuu, serikali ya jimbo la Ontario, jiji la Toronto na Mkoa wa York ulio jirani. Ilitazamiwa kwisha mwaka 2015, lakini ilichelewa, na bei yake ikapita makadirio ya kwanza. Tena mfanyakazi mmoja alipoteza maisha yake katika ujenzi huo mwaka 2011, na hiyo ni gharama isiyohesabika kwa dola.

Watu waliipokea reli hiyo kwa nyuso mbili. Wakaao viungani walifurahi, kwa kuwa mtu wa Vaughan aliweza sasa kuketi katika treni na kufika katikati ya Toronto kwa muda wa kama dakika 45, pasipo kukwama katika msongamano wa magari. Aisifuye mvua imemnyea, na hao mvua iliwanyea. Lakini wengi wakaao ndani ya jiji walinung'unika. Walitazama stesheni kubwa, zilizochorwa na wasanifu mashuhuri, wakauliza kama zilikuwa stesheni au majumba ya kifalme. Waliona stesheni moja imesimama kando ya barabara kuu ya magari, mahali pasipo na makazi ya watu, na nyingine imewekwa kati ya maduka makubwa na viwanja vya kuegeshea magari. Wakati huo huo, katika reli ya zamani ya mtaa wa Yonge, abiria walikuwa wakisongamana kila asubuhi, na reli mpya ya kuwapunguzia msongamano, iliyokuwa ikizungumzwa kwa miaka mingi, ilikuwa bado haijaanza kujengwa. Ujenzi wake ulianza mwaka 2022.

Sasa na tuyapime manung'uniko hayo, kwa maana si kila nung'uniko lina uzito sawa.

La kwanza ni la yule asemaye, "Mimi siipandi treni hiyo, kwa nini niilipie?" Neno hili ni jepesi. Mtu asiye na mtoto hulipa kodi ya kujengea shule, na siku augupo hutibiwa na daktari aliyesoma katika shule hiyo hiyo. Aliye ndani ya jiji hupanda kila siku reli iliyochimbwa kwa fedha za watu ambao wengi wao wamekwisha kufa. Apandaye mnazi katika uzee wake hatazamii kunywa madafu yake yote. Tena nchi haibaki ilivyo, kwani pale Vaughan, kando ya viwanja vile vya magari, majumba marefu ya makazi yameinuka, na wakaaji wake wanaipata reli tayari. Asemaye kuwa njia haifai kwa sababu leo ina abiria wachache amesahau kwamba njia nayo huwaita wapitaji wake.

Lakini hoja hii ya wakati ujao isituleweshe. Ni hoja tamu mno mdomoni mwa kila mtumiaji mbaya wa mali ya umma, kwa sababu haiwezi kukanushwa leo. Toronto yenyewe ilifungua reli fupi ya stesheni 5 chini ya mtaa wa Sheppard mwaka 2002, na miaka mingi baadaye watu walikuwa bado wakiilaumu kwa uchache wa abiria. Kesho ni shahidi asiyeweza kuhojiwa, na haki haikati shauri kwa kumtegemea shahidi wa namna hiyo peke yake.

Nung'uniko la pili ni la bei. Hapa pia yatupasa kuwa waangalifu, maana ghali si dhambi. Cha rahisi huweza kuwa ghali, na kusitasita huweza kuwa ghali kupita vyote. Katika upande wa mashariki wa Toronto, uitwao Scarborough, palikuwa na reli ndogo iliyofunguliwa mwaka 1985. Ilipochakaa, wakubwa walibishana juu ya kitu cha kuiandamia. Mwaka 2013 baraza la jiji lilichagua reli ya chini ya ardhi badala ya treni nyepesi ya bei ndogo. Baadaye stesheni zilizokusudiwa zikapunguzwa kutoka 3 hadi 1, kisha zikarudishwa kuwa 3. Mabishano yalipokuwa yakiendelea, ile treni kuukuu ilizidi kuzeeka, na mwezi wa Julai 2023 behewa lake moja likaacha reli na watu wakaumia. Reli hiyo haikufunguliwa tena, na abiria wake wakahamishiwa katika mabasi. Angalia basi, msomaji: bei ya kujenga huandikwa katika vitabu vya hesabu, lakini bei ya kutojenga huandikwa katika miguu na saa za watu, wala hakuna mkaguzi aikaguaye.

Nung'uniko la tatu halikupigiwa kelele nyingi, nalo ndilo zito kuliko yote. Kabla ya reli mpya, mabasi kutoka miji ya jirani yalikuwa yakiingia ndani kabisa ya Chuo Kikuu cha York na kuwashusha wanafunzi karibu na madarasa yao. Reli ilipokwisha, mabasi yakaondolewa chuoni na kuelekezwa katika stesheni. Tangu Januari 2019 mabasi ya jimbo yaitwayo GO yaliwashusha abiria katika stesheni iliyo kando ya barabara kuu. Kutoka hapo, mwanafunzi alipaswa kupanda treni kwa safari ya stesheni mbili tu, na kulipa nauli ya pili. Yule ambaye kwa jina lake reli iliombwa, akasifiwa nayo katika hotuba, ndiye aliyekuta safari yake imekuwa ghali zaidi. Ilimpasa kungoja hadi Februari 2024, serikali ya jimbo ilipoanzisha mpango wa nauli moja kwa abiria abadilishaye chombo. Fikiri hilo: mabilioni yalipatikana kwa ajili ya saruji na vyuma, lakini nafuu ya nauli ya kijana, isiyohitaji kuchimba hata shimo moja, ilichukua miaka 5.

Hapa ndipo naliona jibu la swali letu. Haki ya kazi ya umma haimo katika udogo wa bei yake, wala katika wingi wa abiria wa siku ya kwanza. Imo katika mambo mawili. Kwanza, alipaye aambiwe kweli: ataweka kiasi gani, atapata nini, na ni kitu gani kitakachoachwa kwa sababu hiki kimechaguliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari liandikwalo nusu ni ndugu wa uongo. Pili, apandaye aliye mnyonge kuliko wote aulizwe kabla ya kazi kwisha, si baada yake. Stesheni yenye paa la kupendeza ambayo mwanafunzi maskini huifikia kwa nauli mbili ina kasoro ambayo msanifu hawezi kuiondoa.

Wajibu huu si wa watawala peke yao. Anung'unikaye naye ana wajibu. Akilalamika kwa sababu jirani kapata na yeye hakupata, hana analotetea ila kijicho, na kijicho hakijengi njia. Akilalamika kwa sababu hesabu imefichwa, au kwa sababu mzigo umeangukia bega lisiloweza kuuchukua, anaulinda mji mzima, hata kama mwenyewe hapandi treni hiyo.

Wewe msomaji, hujawa mlipaji kodi leo, lakini siku hiyo haiko mbali. Itakuja kazi kubwa ya umma mbele yako, iwe njia, daraja, au bomba la maji, na watu watagawanyika pande mbili kama walivyogawanyika huko. Usikimbilie kuuliza ni bei gani, na ukaishia hapo. Uliza nani analipa, nani atapanda, na nani atabaki amesimama kando ya njia. Kisha usikilize kwanza jibu la huyo aliyebaki amesimama.