Siku za Mbalamwezi na Jiwe la Manati

Nkome, mapumziko ya mvuvi wa dagaa hayapangwi na tajiri mwenye mtumbwi. Yanapangwa na mwezi. Dagaa hufuata taa, na taa, iwe karabai ya zamani au ya sola ya siku hizi, hushindwa nguvu mbalamwezi inapotanda juu ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo mwezi ukikaribia kujaa, mitumbwi huvutwa mchangani, nyavu huanikwa na kuzibwa matundu, na vijana waliozoea kukesha majini na kulala mchana hujikuta hawana pa kukimbilia, usiku wala mchana.

Hapo ndipo mtu anapojulikana. Majini wote ni kitu kimoja: wanavuta kamba moja, na anayezembea anaonekana papo hapo. Nchi kavu, hela ya mgawo ikiwa mfukoni, kila mmoja hushika njia yake. Wapo wanaojazana kwenye pultebo. Wapo waliokodolea macho simu, wakisubiri mkeka wa kubeti uliobakiza mechi moja. Wapo wanaopanda bodaboda kwenda Katoro au Geita mjini, kutembea tu, na wapo wanaoshinda na wake zao na watoto. Watoto nao wana mchezo wao: manati. Panda ya mpera, mipira miwili iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na kipande cha ngozi kilichotolewa kwenye ulimi wa kiatu kibovu. Jiwe linawekwa, jicho moja linafumbwa, mpira unavutwa hadi sikioni.

Siku hizo za mbalamwezi zinaangukia pale pale zilipo siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwahimiza maswahaba wake wazifunge kwa sunna. Mvuvi wa dagaa hahitaji hata kuangalia kalenda. Mtumbwi ukishavutwa mchangani, ajue siku zenyewe zimefika. Hiyo ni nafasi ambayo muuza duka na mwalimu hawaipati kirahisi, maana wao siku nyeupe huwakuta kazini. Na kwa anayeogopa kwamba funga itamnyima starehe, kupunga upepo ufukweni hakufunguzi.

Maana starehe yenyewe dini haikuipiga vita. Hanzala (R.A.), mmoja wa waandishi wa Mtume, aliwahi kutoka njiani akijilaumu kwamba amekuwa mnafiki. Alieleza kuwa akiwa mbele ya Mtume huiona Pepo na Moto kama viko machoni pake, lakini akirudi kwa mkewe, watoto na shamba lake, mengi yanamtoka. Abubakar (R.A.) akakiri kwamba hata yeye hali yake ni hiyo hiyo. Jibu walilopewa, kama alivyolipokea Imamu Muslim, ni kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Madina, na Bibi Aisha (R.A.) alisimama nyuma ya Mtume akitazama mpaka alipochoka mwenyewe. Umar (R.A.) alipoingia na kuinama kuokota changarawe awarushie, akaambiwa awaache. Wazee wanaowafukuza vijana kila wanaposikia kicheko cha Idi wamefuata mkono wa Umar tu, wakasahau kwamba ulizuiwa.

Katika michezo yote, ule wa kulenga shabaha ulipewa heshima ya peke yake. Usukumani hilo halihitaji kuelezwa sana, kwa kuwa upinde na mshale vimelinda ng'ombe tangu zamani, na sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Kahama, silaha yao ilikuwa hiyo hiyo. Uqba bin Amir (R.A.), swahaba aliyewahi kuwa liwali wa Misri, alikuwa mzee tayari alipoonwa akienda na kurudi baina ya shabaha mbili. Picha hiyo inafaa kukaa nayo kidogo: mzee anarusha mishale yake, anatembea hadi kwenye shabaha, anaing'oa, anageuka, anairusha upande aliotoka. Hakuna adui, hakuna mnyama. Mtu mmoja, Fuqaym, akamuuliza kwa nini anajichosha na umri ule. Uqba akasema asingejisumbua kama si neno alilolisikia kwa Mtume kuhusu mtu anayejifunza kulenga kisha akaacha. Ni huyo huyo Uqba aliyepokea kwamba nguvu iliyotajwa katika Suratul Anfal, aya ya 60, ni kurusha mishale.

Bukhari naye amepokea kisa cha watu wa kabila la Aslam waliokuwa wakishindana mishale. Mtume alipita, akawatia moyo, akasema yeye yuko upande wa kundi fulani. Papo hapo kundi la pili likashusha mikono. Walipoulizwa wakajibu: watarushaje, naye yuko na wapinzani wao? Akawaambia warushe, yeye yuko nao wote. Shabiki wa Simba na wa Yanga waliokaa benchi moja mwaloni, wakanuniana juma zima kwa sababu ya goli moja, wana la kujifunza hapo.

Basi kulenga ni halali, tena kunasifiwa. Mafunzo hayakuishia hapo, kwani likafuata swali la kilichowekwa upande wa pili.

Abdullah bin Umar (R.A.) alipita mahali akawakuta vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege, wanamlenga kwa mishale. Walikuwa wameshapatana na mwenye ndege: kila mshale utakaokosa ni wake. Walipomwona Ibn Umar wakatawanyika. Kutawanyika huko kunasema mengi, maana hakuna aliyekuwa amewakemea bado. Walijua. Akauliza nani kafanya hivi, akataja laana ya Mwenyezi Mungu kwa aliyefanya, na akaeleza kwamba Mtume alimlaani anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Anas bin Malik (R.A.) naye aliingia nyumbani kwa mtu akakuta vijana wamemfunga kuku na kumlenga, akawakataza. Kuku kuchinjwa ni kitoweo. Kuku kufungwa mguu ili mtu ajaribu jicho lake ni jambo jingine kabisa, ingawa nyama ni ile ile.

Na hapo manati inaingia. Abdullah bin Mughaffal (R.A.) alimwona jamaa yake akirusha vijiwe kwa vidole, akamkanya, akamweleza kuwa Mtume alikataza kwa sababu jiwe la namna hiyo haliwindi mnyama wala halimwumizi adui, kazi yake ni kuvunja jino na kutoboa jicho. Yule jamaa akarudia. Ibn Mughaffal akaapa kutosema naye tena. Mzazi wa Nkome anayemwona mwanawe akilenga nyange waliojipanga kando ya chanja za dagaa, au mdiria aliyetulia juu ya ukingo wa mtumbwi, asione ni utoto tu. Nyange haliwi, na jiwe lililomkosa halirudi mfukoni, bali linaendelea na safari yake mpaka kwenye paji la uso la mama anayegeuza dagaa.

Wanaobeti nao wana sehemu yao katika kisa cha vijana wale wa Kikureshi. Mshale unaokosa kuwa malipo ya mtu mwingine ni dau lililofichwa ndani ya mchezo. Waarabu wa kabla ya Uislamu walicheza kamari yao, maysir, kwa mishale pia: walichinja ngamia, wakamgawa mafungu, wakachomoa mishale kuona nani anapata na nani analipa. Qurani ikaikataza kamari katika Suratul Maida, aya ya 90, pamoja na mishale ya kupigia ramli. Mshale uliosifiwa mikononi mwa Uqba ndio uliokatazwa mikononi mwa mcheza kamari, na mti wake ni mmoja. Kwa hiyo kijana anayesema pultebo ni mchezo tu anaweza kuwa kasema kweli, mpaka pale noti ya elfu tano inapowekwa chini ya chaki.

Adabu nyingine ni ndogo kwa kuitazama. Mtume aliamuru kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, isije ikamchoma mtu. Akakataza pia kumwelekezea mwenzako chuma, hata kwa mzaha. Leo kwenye viwanja vya kulenga shabaha duniani kote, jambo la kwanza analofundishwa mgeni ni kutoelekeza mtutu kwa mtu, hata bunduki ikiwa tupu.

Anayetaka matembezi ya kukumbukwa asiende mbali. Boti zinatoka Nkome kwenda Rubondo, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Sokwe waliomo humo si wenyeji: kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya waliachiliwa kisiwani, wakajifunza upya kutafuta matunda na kupanda miti, wakazaana. Mgeni huwatafuta kwa miguu, kimya kimya, pengine asiwaone. Akiwaona, anafumba jicho moja, analenga, anabonyeza, na kamera ikishalia, sokwe anaendelea kula.

Watoto wa Nkome hawana kamera. Wana kopo la nyanya waliloliegemeza juu ya gogo, wamechora mstari mchangani kwa kidole cha mguu, na nyuma ya kopo hakuna ila maji. Aliyekosa anarudi nyuma ya foleni. Adhana ya Magharibi inaingia wakati wa zamu ya mdogo kuliko wote. Anaomba jiwe moja tu la mwisho, na wakubwa wanamsubiri.