Mtandio: Stara au Pambo?



Likizo iliyopita, katika darsa ya wanafunzi baada ya swala ya Alasiri hapa Kamembe, dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliingia amejifunga mtandio mrefu wa zambarau. Alikuwa ameuzungusha mara mbili, mikunjo ikapandana upande wa kushoto kama maganda ya kitunguu, na ncha ameibana kwa pini juu ya sikio. Nywele hazikuonekana, shingo haikuonekana, kifua kimefunikwa. Kaka mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Sasa hiyo ni stara au ni pambo?" Watu wakacheka. Dada yule hakuonekana tena darsani kwa mwezi mzima. Mimi nilikuwepo na sikusema neno, ndiyo maana naandika.

Swali lenyewe si la kipuuzi. Ushungi huvaliwa ili mtu asikodolewe macho, na pambo huvaliwa ili atazamwe. Anayetafuta yote mawili kwa kitambaa kimoja anafanana na mtu aliyefunga mlango wake kwa kufuli la dhahabu. Na siku hizi kishawishi ni kikubwa: mitandio ya kila rangi inauzwa sokoni kwetu na ng'ambo ya mto kule Bukavu, na simu zimejaa video za kufundisha namna za kuifunga, ya harusini, ya kazini, ya uso mpana, ya uso mwembamba.

Wengine hujibu kwamba dini haijali mtindo, bora umejifunika. Mimi naona jibu hilo linaruka jambo. Aya ya 31 ya Suratun-Nur inawaamrisha wanawake waumini kuteremsha shungi zao juu ya vifua vyao. Wafasiri wanaeleza kwamba wanawake wa Kiarabu walikuwa na shungi tangu zamani, ila walizitupia ncha zake mgongoni, shingo na kifua vikabaki wazi. Maana yake kitambaa kilikuwepo tayari, na kilichobadilishwa na wahyi ni namna ya kukivaa. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, na Bukhari amepokea, jinsi wanawake wa Muhajirina walivyochana nguo zao wakajifunika mara tu aya iliposhuka. Hawakungoja kwenda dukani.

Kwa hiyo namna ya kufunga ina uzito. Kilemba kinachoacha shingo na masikio wazi, hata kiwe cha kitenge kizuri namna gani, hakijafanya kazi iliyotajwa katika aya. Na ipo Hadithi katika Sahihi ya Muslim inayowaonya wanawake ambao vichwa vyao ni kama nundu za ngamia zilizoinama. Sisi tunaoweka kibanio kikubwa chini ya mtandio ili kichwa kionekane kimejaa, tusipite juu yake haraka. Abu Daud naye amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimkuta Bibi Ummu Salama anajifunga ushungi, akamwelekeza auzungushe mara moja, si mara mbili. Wapo wanazuoni waliouona mnyororo wa Hadithi hiyo kuwa dhaifu, na walioieleza wamesema makusudio ni usifanane na kilemba cha mwanamume.

Mpaka hapo kaka yule angeweza kutabasamu. Lakini katika Sahihi hiyohiyo ya Muslim, Ibn Mas'ud (r.a.) anasimulia kwamba Mtume alipotaja kuwa mwenye chembe ya kibri moyoni hataingia peponi, mtu mmoja aliuliza kuhusu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Mtume hakuikemea nguo. Alieleza kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi kibri kinaweza kukaa kwenye mtandio, na kinaweza pia kukaa kwenye kicheko cha wanaoutazama.

Historia ya watu wetu wa pwani nayo inatatiza ule mgawanyo wa stara na pambo. Unguja ya karne ya 19, kufunika kichwa kulikuwa alama ya mwanamke muungwana. Mtumwa alivaa kaniki na kichwa wazi. Baada ya amri ya 1897 iliyoondoa uhalali wa utumwa, wanawake waliotoka utumwani walijitanda kanga, na baadaye wengi wakavaa buibui. Ukimuuliza mwanamke yule kama kanga yake mpya ni stara au pambo, angekujibu nini? Ilikuwa stara, na ilikuwa fahari yake pia. Hata hapa Rusizi, kwenye harusi zetu tunavaa umushanana na mtandio wa rangi inayolingana nao, na wazee wanatuombea dua bila kuuliza swali.

Pamoja na hayo, sitaki kujificha nyuma ya neno "najivalia mwenyewe." Nimelisema mara nyingi na halikuwa kweli. Kuna asubuhi niliamka kwa ajili ya Alfajiri ya jamaa, nikasimama mbele ya kioo na pini mdomoni nikitengeneza mikunjo, na nilipofika msikitini imamu alikuwa anatoa salamu. Hakuna aliyenilazimisha. Kuna siku nimejipiga picha nyingi nikachagua moja, kisha nikahesabu walioipenda. Mtandio ulikuwa umefunika kila kitu, ila moyo wangu ulikuwa unauza. Hilo hakuna kaka wala ustadhi anayeweza kuliona kutoka nje.

Niliona vizuri zaidi nilipomtembelea yule dada nyumbani kwao. Alinionyesha mtandio wa zambarau. Upande wake mmoja una alama ya pasi, pameungua, na ndipo ile mikunjo ilipopandana. Ni mtandio wake mmoja mzuri. Alikuwa anasitiri tundu, na sisi tulimhukumu kwa riyaa. Sisemi kila mkunjo una tundu chini yake. Yangu haikuwa nalo.

Na huwa tunasahau kwamba aya ya 30 inatangulia ya 31. Wanaume ndio walioambiwa kwanza wainamishe macho, kabla wanawake hawajaambiwa lolote kuhusu shungi. Kaka anayeweza kusimulia upande gani pini imechomekwa ametazama kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe siku ile alikuwa amenyoa ndevu kwa mstari kama wa rula na manukato yake yalifika hadi mlangoni, na hakuna aliyemuuliza ni sunna au ni pambo.

Dada yule alirudi darsani Jumamosi iliyofuata. Alivaa mtandio mweusi wa dada yake, hauna mkunjo hata mmoja, akaketi safu ya nyuma. Kaka yule alimpongeza kwa kubadilika. Yeye akaitikia "alhamdulillah" kwa sauti ndogo, nami niliyekaa ubavuni mwake nikashindwa kufurahi.