Cha Kuokota ni cha Nani?

Katika duka moja dogo la Kagarama, wilayani Kicukiro, ambalo twalipita kila asubuhi tukielekea darasani, pana kipande cha kioo juu ya mizani ya mchele. Nyuma ya kioo hicho mwenye duka huchomeka vitu vilivyookotwa njiani: kitambulisho cha taifa, funguo mbili katika uzi mwekundu, kadi ya basi, picha ya mtoto aliyevaa sare. Vingine hukaa siku moja, vingine mwezi. Hakuna aliyemwagiza kazi hiyo, wala hapati kitu kwayo. Siku moja tulimwuliza kwa nini asivipeleke kwa mkuu wa mudugudu akapumzika. Alitujibu kwamba mtu aliyepotewa hurudi kwanza katika njia aliyopita, na yeye yuko njiani.

Jibu hilo lilitufanya tulitazame upya neno ambalo sisi walimu wa Kiswahili hulifundisha bila kulifikiria: kuokota. Mwanafunzi huambiwa kwamba mtu huokota kuni, huokota embe chini ya mwembe, huokota kokoto. Kisha huambiwa kwamba huokota pochi barabarani. Kitenzi ni kimoja. Lakini kuni za porini hazina mwenyewe, na pochi inaye, ila hayupo. Lugha haikutusaidia hapa. Imetuachia wenyewe kazi ya kukumbuka tofauti hiyo. Ndiyo sababu mtoto akikutwa na kalamu ya mwenzake husema upesi, "Nimeiokota," akiamini amekwisha kujitetea. Aghalabu mwalimu naye huridhika.

Kwa upande wa aliyepotewa lugha imekuwa na huruma zaidi. Twaweza kusema "nimepoteza ufunguo" tukajilaumu, au "nimepotewa na ufunguo," na hapo ni kama kwamba ufunguo ndio uliotutoroka. Wanafunzi wetu wa Kinyarwanda huliona hilo ajabu, maana kitenzi chao guta humaanisha kutupa na pia kupoteza. Basi katika insha zao husoma "jana nilitupa simu yangu," na msahihishaji asiyejua Kinyarwanda atadhani mwandishi ni tajiri mwenye wazimu.

Lakini tusikimbilie sarufi. Sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili.

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, watu walipokwisha kutawanyika, tulikuta mwavuli mweusi umelala kando ya mtaro tuliokuwa tukiusafisha. Mvua ilikuwa ikitishia. Tuliuchukua kwa nia njema kabisa, tukasema moyoni kwamba tutautunza hata mwenyewe atokee, tukauegemeza nyuma ya mlango. Hatukumwambia mtu. Majira mawili ya mvua yakapita, na mwavuli ule, kwa kuwa ulikuwa karibu na mlango, ukauzoea mkono wetu. Ndipo siku moja mama mmoja jirani, mjane ambaye twaheshimiana naye sana, akatukuta nao njiani. Aliutazama mpini, uliofungwa utepe wa bluu, akatusalimu kama kawaida, akauliza hali za watoto, akaenda zake. Jioni tulimpelekea. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Mwalimu," basi. Mpaka leo hatuwezi kuitaja siku ambayo mwavuli ule ulikoma kuwa wa kuokotwa ukawa wa kuibwa. Lakini siku hiyo ilikuwapo.

Waliotutangulia waliijua hatari hii. Katika sheria ya Kiislamu, iliyozoeleka pwani na pia Nyamirambo hapa Kigali, ambako Kiswahili kilikita mizizi tangu zamani, aliyeokota hutakiwa akijue vyema chombo cha kile kitu na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze mwaka mzima. Hatakiwi kungoja; atakiwa kutangaza. Kumbukumbu la Torati nalo, katika sura ya 22, halimruhusu mtu kumpita ng'ombe au vazi la nduguye lililopotea akajifanya hakuona. Yaani hata yule asemaye "mimi sikugusa" hajanusurika. Sisi tulikuwa tumejiona wema kwa sababu tuliutunza mwavuli. Tulichoutunzia ni mlango wetu.

Swali la ahsante huleta ubishi kila lizukapo katika chumba cha walimu. Huko Japani sheria humpa aliyerudisha haki ya kudai kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani ya kitu. Wako wenzetu wanaoona kwamba desturi ya namna hiyo ingewavutia watu hapa. Sisi twaona kwamba dereva wa pikipiki aliyerudi kutoka upande wa pili wa mji kuleta simu ya abiria alipwe petroli yake na muda wake, tena bila kuombwa. Lakini akisema, "Nipe kwanza nikupe," amekwisha kuiuza mali isiyo yake.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa katika miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwa mojawapo. Watafiti walikabidhi pochi zaidi ya 17,000 kwa wafanyakazi wa mapokezi katika mabenki, mahoteli na ofisi, wakidai wameziokota. Pochi zisizokuwa na fedha, wenyewe walitafutwa kwa kiasi cha asilimia 40. Zenye fedha, asilimia 51. Wengi wangetazamia kinyume chake. Watafiti waliona kwamba fedha ikiongezeka, mtu huogopa zaidi kujiona mwizi. Twaamini hivyo, nasi twaongeza la kwetu: ndiyo maana mwavuli ni wa hatari kuliko pochi nono. Haumwiti mtu mwizi. Hunyamaza nyuma ya mlango.

Yamkini msomaji atasema mwavuli ni jambo dogo mno. Twaishi katika nchi ambayo mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012, zilisikiliza kesi zaidi ya milioni moja za mali iliyoporwa au kuharibiwa wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mabati, milango, ng'ombe, vyombo vya nyumbani. Hatuulinganishi mwavuli wetu na hayo, haulinganishiki. Twasema tu kwamba hapa kwetu, mtu mzima anapokiona kitu chake mkononi mwa jirani, hakioni kitu hicho peke yake. Jirani yetu aliutazama ule utepe wa bluu kwa muda wa pumzi moja. Alichokiona hatukuthubutu kumwuliza.

Tulipolifundisha tena neno kuokota, mwanafunzi wa nyuma alinyosha mkono. "Mwalimu, nikiokota kitu na mwenyewe asijitokeze, kitakuwa changu lini?" Tulimwambia kwanza aeleze amemtafuta wapi. Akafikiri, akasema hajaokota kitu bado, alitaka kujua tu.

Juma lililopita tulipita dukani. Kitambulisho hakipo, na picha ya mtoto imechukuliwa. Funguo za uzi mwekundu zingali pale, na mwenye duka amezisogeza katikati ya kioo, mahali zinapoonekana kutoka barabarani.