Je, Zamu Yaweza Kuuzwa?

Huko California, Marekani, iko bustani ya burudani iitwayo Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1955. Siku za Krismasi watu hufurika, hata mtu husimama saa nzima na zaidi apate kupanda pembea mara moja. Tangu mwaka 1999 ilikuwako tikiti ya kupunguza kungoja, nayo ilitolewa bure. Mwaka 2021 ikaondolewa, ikawekwa njia ya kulipia, ambayo bei yake hupanda siku za watu wengi.

Mtu aweza kusema: Fedha ni yake, na bustani ina mwenyewe, ubaya u wapi? Hata katika gari la moshi kuna daraja la kwanza. Neno hili lina uzito, lakini halitoshi. Maana akaaye daraja la kwanza hamcheleweshi wa daraja la tatu. Wote wafika stesheni saa ile ile. Bali apitaye mbele ya mstari hupewa dakika zilizoondolewa kwa wasimamao nyuma, nao hawakuulizwa, wala hawakupata hata senti moja.

Tena, mstari ukiwa mfupi, nani atanunua? Basi auzaye njia ya mkato hana haraka ya kuupunguza.

Hatumhukumu baba alipaye kwa ajili ya watoto wake. Lakini yafaa sisi sote, kabla ya kununua nafasi, tuulize ni nani atakayeilipia kwa miguu yake.