Je, Kila Kilichoruhusiwa na Sheria ni Halali?



Miongoni mwa maswali aulizwayo mtu aliyeingia katika Islam karibuni, au anayeichunguza dini hii, ni hili: "Ikiwa serikali imekiruhusu kitu, dini yapata wapi haki ya kukikataza?" Swali hili si dogo, wala halifai kujibiwa kwa ukali. Na tulitazame kwa mfano mmoja wa zama zetu, nao ni habari ya bangi ya nyuzi huko Marekani.

Yafaa kwanza ujue kwamba mmea wa bangi ni mmoja, walakini aina zake ni nyingi. Ziko zilimwazo kwa ajili ya nyuzi za kamba na nguo, na mbegu za mafuta. Na ziko zilimwazo kwa ajili ya ulevi. Kinacholevya zaidi ni kemikali iitwayo THC ya delta-9. Sheria ya kodi ya mwaka 1937, na ile ya dawa za kulevya ya mwaka 1970, zilikibana kilimo cha aina zote mbili. Kisha tarehe 20 Desemba 2018 ikatiwa saini sheria ya kilimo iliyosema kwamba bangi isiyozidi asilimia 0.3 ya delta-9, kwa uzito wa kitu kikavu, si dawa ya kulevya tena, bali ni zao kama mazao mengine. Mkulima akafurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini tazama yaliyofuata. Kipimo kilichowekwa kwa ajili ya jani kilipelekwa kwenye peremende. Peremende ya uzito wa gramu 5, ukiipigia hesabu ya asilimia 0.3, yaweza kubeba miligramu 15 za THC. Na katika majimbo mengi ya huko yaliyoruhusu bangi kwa watu wazima, miligramu 10 tu huhesabiwa kuwa kipimo kizima cha mtu mmoja. Wengine wakachukua kanabidioli, ambayo hailevyi, wakaigeuza kwa tindikali kuwa delta-8, ndugu yake delta-9, nayo hulevya. Na kwa kuwa sheria iliitaja delta-9 peke yake, wakaiuza waziwazi madukani na hata katika vituo vya petroli. Mwezi Mei 2022 mahakama moja ya rufani ikaamua kwamba maneno ya sheria yanairuhusu delta-8, na kwamba kama Bunge limeacha mwanya, ni juu ya Bunge lenyewe kuuziba.

Nani aliyelipa gharama ya mwanya huo? Idara ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilitangaza kwamba tangu tarehe 1 Januari 2021 mpaka 28 Februari 2022, vituo vya kushughulikia sumu vilipokea habari za watu 2,362 waliotumia au kufikiwa na delta-8, na asilimia 41 kati yao walikuwa chini ya umri wa miaka 18. Majimbo kadhaa yakaipiga marufuku. Mwishowe, tarehe 12 Novemba 2025, ikatiwa saini sheria nyingine isemayo kwamba chombo kizima cha bidhaa kisizidi miligramu 0.4 za THC ya kila aina, na ukatolewa muda wa mwaka mmoja kabla ya kuanza kutumika.

Sasa fikiri, ewe msomaji. Peremende ile ile, iliyokatazwa mwaka 2017, iliuzwa kwa uhuru mwaka 2019, kisha ikaandikiwa tena marufuku mwaka 2025. Je, kilibadilika nini ndani ya peremende? Hakuna. Ubongo wa mtoto aliyeila haukusoma gazeti la serikali, ulilewa tu. Na hiyo asilimia 0.3 yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwa wataalamu wa mimea Ernest Small na Arthur Cronquist, walioitumia mwaka 1976 ili wazigawanye aina za mmea huo, na hawakuficha kwamba ni mpaka waliouchagua wenyewe. Haukuwekwa ili kumwambia mtu ni kiasi gani kitamdhuru.

Hatusemi haya ili kuidharau sheria. Mwislamu hutii sheria za nchi anamokaa. Lakini sheria ya wanadamu hulazimika kupima kile kiwezacho kupimwa mahakamani. Hutuonyesha mahali adhabu inapoanzia. Haituonyeshi mahali wema unapoanzia.

Kipimo cha Islam ni kingine. Hazrat Umar r.a. alieleza kwamba kilevi ni kile kifunikacho akili. Na Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba kitu kileweshacho kwa wingi, hata uchache wake umekatazwa. Angalia kwamba hapa halikutajwa jina la mmea wala asilimia yake. Kilichotazamwa ni kazi ya kitu hicho katika akili ya mtu. Basi aitengenezaye delta-8 leo, au kingine kesho, hapati mwanya wa kupitia.

Na kipimo hicho hakimdhulumu mtu. Shati la nyuzi za bangi halilevyi, wala kamba yake. Na dawa ya kanabidioli iliyosafishwa, ambayo Marekani iliikubali mwezi Juni 2018 kwa watoto wenye aina kali za kifafa, ni rehema kwao. Dini haikuulaani mmea. Yailinda akili, ambayo kwayo mtu humjua Mola wake na kuzijua haki za jirani yake.

Huenda mtu akasema: "Mbona pombe nayo imeruhusiwa na sheria, na madhara yake ni makubwa zaidi?" Neno hili ni kweli, nalo lathibitisha hoja yetu badala ya kuivunja. Ruhusa ya sheria haikuiondolea pombe madhara yake hata kidogo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usingoje serikali ikuchagulie kila jambo. Ukiletewa kitu cha kula, cha kunywa au cha kuuza, usiulize tu, "Je, nitashtakiwa?" Uliza pia, "Je, kitanifanya nini, na kitamfanya nini mtoto wa jirani akikipata?" Mfanyabiashara aliyeiweka peremende ile rafuni huenda hakushtakiwa, lakini swali hili la pili halikumwacha huru. Na ukimwona aliyenaswa na ulevi, usimdharau. Msaidie arudi, kwani huenda alidanganywa na kibandiko kilichomwambia kwamba kitu hicho ni halali.

Mwenyezi Mungu azilinde akili zetu na za watoto wetu, na atujaalie kuuona wema hata pale sheria inaponyamaza. Amin.