Uadilifu wa Hedfoni

Wateja wangu hawachoki kuniuliza: kati ya hedfoni zako mbili, ipi ina sauti nzuri? Nami, kwa kuwa nimelelewa na mwalimu wa madrasa, nashindwa kujibu mpaka niulize kwanza: unataka ikufurahishe, au unataka ikutolee ushahidi?

Kazi yangu ni kuhamisha kaseti kuukuu kuziingiza kwenye flashi. Watu wa hapa Tanga huniletea taarabu za harusi za mama zao, maulidi, na mawaidha ya Ramadhani yaliyorekodiwa kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya mkeka. Mezani nina Beyerdynamic DT 770 Pro, ambayo mgongo wake umefungwa, na Sennheiser HD 600, iliyoanza kuuzwa mwaka 1997, ambayo mgongo wake ni wavu mtupu: ukiivaa, aliye karibu nawe anasikia unachosikia, na akikusemesha unamsikia. Kampuni zote mbili zilianzishwa Ujerumani. Ya kwanza ina besi nene na sauti za juu kali. Ya pili besi yake haishuki mpaka chini kabisa, lakini sauti ya mtu anayesema au kuimba inakuja bila mapambo.

Marehemu baba alikuwa akisomesha mustalahi, elimu ya kuwapima wapokezi wa hadithi. Mpokezi hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni uadilifu: je, ni mkweli, ana dini? La pili ni udhibiti: alichosikia anakifikisha kama alivyokisikia? La kwanza bila la pili halitoshi. Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amepokea maneno ya Yahya bin Said al-Qattan juu ya watu wema, kwamba hakuna jambo wanaloongopa zaidi kuliko hadithi, kisha akaeleza kwamba uongo huwapitia ulimini bila wao kuukusudia. Kila nikivaa hedfoni ya bei kali yenye mito laini, nawakumbuka watu wema hao.

Sauti nayo ina sanadi yake, mlolongo wake wa wapokezi. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Sauti yake ikapokewa na maikrofoni, maikrofoni ikampa fundi, fundi akaipa santuri, santuri ikaipa sindano, mtu mwingine akaiingiza kwenye kompyuta, na mwisho wa mlolongo hedfoni inanifikishia mimi. Kila mmoja kati ya hao ameongeza au amepunguza. Siti mwenyewe hakuwahi kuisikia sauti yake kama walivyoisikia waliokaa mbele yake, maana mwimbaji hujisikia pia kupitia mifupa ya kichwa chake. Mtafiti Floyd Toole wa Kanada ameuita mkanganyiko huu duara: fundi wa studio hupanga sauti kwa kuzifuata spika zake, nasi tunazipima spika kwa nyimbo zilezile alizopanga fundi. Hakuna aliyesimama nje.

Wanazuoni wa hadithi hawakukata tamaa kwa ajili ya hilo. Waliwakusanya wapokezi wote waliosikia kwa sheikh mmoja, wakawalinganisha. Walichoafikiana kina nguvu ya kuwa kimetoka kwa sheikh. Alichokuja nacho mmoja peke yake, akiwapinga walio madhubuti kuliko yeye, kikaitwa shadhi, kikawekwa kando. Nina kaseti ya kisomo cha Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad, nakala ya nakala. Kwenye DT 770 kila sini na kila swadi inachoma sikio. Kwenye HD 600 haichomi, wala kwenye spika ya redio haichomi. Basi ukali ule si wa sheikh wala wa kaseti, ni wa hedfoni. Lakini kuna pumzi anayoivuta kabla ya kuingia aya ndefu, na hiyo naisikia kwa zote tatu. Pumzi ni ya sheikh.

Sharti la kulinganisha hivi ni moja: ukubwa wa sauti ulingane. Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kwanza. Kwa hiyo hedfoni inayopiga kwa nguvu zaidi hata kidogo itawashinda wenzake bila kustahili. Hapo HD 600 huonewa sana, kwa kuwa ukinzani wake ni omu 300, na ukiichomeka kwenye simu bila amplifaya inanong'ona tu. Kuhusu bei, sina mengi. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wa hedfoni 283, na hakukuta uhusiano kati ya bei na namna hedfoni inavyogawa sauti za chini, za kati na za juu. Dukani hawatakwambia hilo.

Starehe je? Wapenzi wa vyombo hivi huiweka mwishoni, baada ya kumaliza kusifu sauti. Mimi naiona ni sehemu ya ushahidi, kwa sababu sikio lililobanwa halisikilizi, linangoja kuachiwa. HD 600 ikiwa mpya hubana taya, na wenye nayo huitanua kwa kuivisha rundo la vitabu usiku kucha. Nami ni mwanamke wa mtandio. Nikiivaa DT 770 juu ya mtandio, kitambaa kinauzuia mto usishike ngozi, besi inavuja, na kinachobaki ni sauti nyembamba. Nikiivaa chini ya mtandio inashika barabara, lakini kwa joto la mwezi wa Machi masikio yanatota. Wanaovaa miwani wanaujua uvujaji huo. HD 600 haidhuriki sana na mtandio, maana imezaliwa inavuja, ila inadai chumba kitulie: nizime feni, nifunge dirisha, nimsubiri bodaboda apite. Usahihi wake naununua kwa jasho. Ile nyingine inaniruhusu kuwasha feni, na kwa feni naweza kukaa na kaseti moja mpaka iishe bila kuruka mahali. Kuna makohozi na maneno ya pembeni niliyoyagundua kwa hedfoni isiyo sahihi kwa sababu tu niliweza kuivumilia.

Halafu mito huzeeka, kama wapokezi. Ata bin as-Saib wa al-Kufa alikuwa mpokezi mkweli aliyechanganyikiwa uzeeni. Waliomsikia mapema wakakubaliwa, waliomsikia mwishoni wakatiliwa shaka. Mto wa hedfoni ukibonyea, sikio linakisogelea kile kiwambo kinachotoa sauti, na usikivu unabadilika. Chombo ulichokisifu ulipokinunua sicho kilicho kichwani leo. Sikio lenyewe nalo limo kwenye sanadi. La kijana hufika hezi 20,000. Langu liliaga huko zamani.

Mpaka hapo ningesema HD 600 ni thika, mpokezi wa kuaminika, na DT 770 ni mpokezi wa kusikilizwa kwa tahadhari. Lakini alikuja mteja mmoja, mtu mzima, na kaseti ya mawaidha ya babake aliyekwisha fariki. Nikampa HD 600. Akasikiliza kwa adabu, kichwa upande.

"Ni yeye, dada. Lakini mbona yuko mbali?"

Nikambadilishia. Alipoivaa DT 770 akakamata ukingo wa meza.

"Enhee! Huyo ndiye mzee. Mzee alikuwa na sauti ya kifuani, bwana, akisema hapa barazani utamsikia uani."

Moyoni nilimbishia. Besi ile naijua, inajitokeza kwenye kila kaseti ninayoiweka, hata za wanawake. Ni shadhi. Lakini yeye alimsikia mzee uso kwa uso, mimi sikumsikia. Na redio kaseti ya mkekani, maikrofoni yake si kubwa kuliko punje ya mhindi, haikuweza kuidaka sauti ya kifua tangu siku ile. Kwa hiyo HD 600 ilikuwa ikinifikishia kwa uaminifu upungufu wa mpokezi aliyeitangulia, na DT 770, kwa tabia yake ya kuongeza chumvi, ilikuwa imeangukia karibu na yule mtu.

Inawezekana pia haikuangukia popote. Imam Ghazali, katika mlango wa samaa, yaani kusikiliza, ndani ya kitabu chake Ihyaa, ameeleza maana ya kwamba kusikiliza hakutii moyoni kisichokuwamo, kunakichochea kilichomo. Kilichomo kwa mtoto aliyefiwa kinatosha kujaza kifua cha sauti yoyote. Nani wa kutenganisha kumbukumbu yake na hamu yake? Mimi siwezi, na hakuna kipimo mezani kwangu kinachoweza.

Baba angesema sanadi dhaifu haipati nguvu kwa sababu matini yake imetupendeza. Lakini angeongeza jambo ambalo wanafunzi wake walikuwa wakilisahau: zipo hadithi dhaifu ambazo wanazuoni wamesema maana yake ni sahihi, kisha wakakataza zisinasibishwe na Mtume (s.a.w.). Maana unaichukua, jina lake huliweki hapo. Kwangu hukumu ya besi ile iko hapohapo. Yumkini mzee alinguruma hivyo. Kaseti haikusema.

Wapo wapokezi ambao maneno yao wenyewe yaliingia ndani ya hadithi, mudraji, na wakaguzi wa elimu hiyo wakayatenga na kumtaja mwenyewe. Nikafuata njia yao. Flashi ya mteja yule ina mafaili mawili. La kwanza ni kaseti ilivyo, pamoja na majogoo na mtu anayekohoa karibu na mlango. La pili nimeinua besi, na kwenye jina la faili nikaandika: besi imeongezwa na fundi, si ya mzee.

Aliniomba nifute hayo maneno ya mwisho, wajukuu wasije wakaanza kuulizauliza. Nikakataa. Akacheka, akalipa, akaenda zake, na faili analolisikiliza nalijua.